Sili ya Difu na Safari ya Kumchukua Fundi Swalehe

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilikubali haraka kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Sasa nimekaa barazani kwangu Mkonze, kalamu mkononi, na naona kwamba habari za vyeo na mishahara hazina la kuwafundisha. Hizo mnazijua na mnazilalamikia vizuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya hofu. Nimefanya kazi nayo muda mrefu kuliko spana yoyote, na hakuna aliyenionya kwamba imo ndani ya kazi.

Nilipofika karakana ya hospitali hapa Dodoma mara ya kwanza nilikuwa msichana wa Kigogo niliyetoka chuo cha ufundi na ovaroli ya kuazima, miguu yake nimeikunja mara mbili. Wanaume waliokuwepo walidhani nimeleta barua. Mmoja, kwa upole kabisa, akanielekeza njia ya masijala.

Aliyekuwa mkuu wa karakana ni Fundi Swalehe, Mrangi wa upande wa Chemba, mwembamba, asiyecheka kazini, mwenye tabia ya kuzima redio za wenzake bila kuomba ruhusa. Alitaka kuyasikia magari. Alinitazama mikono, si cheti.

"Umewahi kulala chini ya gari?"

"Ndiyo, fundi. Chuoni."

"Linalovuja?"

"Hapana."

"Basi bado hujalala."

Nikalala. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugusa matone na kumwambia ni ya nini: maji, oili ya injini, mafuta ya breki. Oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ndiyo niliyoijua mapema kuliko zote, kwa kuwa inanuka kama kiberiti kilichozimwa na haitoki kwenye nguo hata uipigie magoti. Mama yangu aliniambia nisikae karibu na unga.

Sili ya difu alinifundisha yeye, na nitaiandika hapa kama alivyonipa. Ni pete ya mpira yenye chuma ndani, inayokaa pale propela, ile fimbo ndefu inayoleta nguvu ya injini, inapoingia kwenye difu ya nyuma, ili oili ibaki ndani na vumbi libaki nje. Ikichoka, oili inarushwa chini ya sakafu ya gari, difu inakauka, meno yanasagana, na mwishowe gari linasimama mahali ambapo hapana kijiji. Kuibadilisha si ajabu. Liweke gari kwenye stendi, maana jeki ni ya kunyanyulia tu. Fungua kwanza nati ya kujazia oili, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukishaimwaga halafu ya juu ikagoma, gari hilo limekuwa mali yako. Tia alama kwenye propela kabla ya kuifungua. Tia alama nyingine kwenye ile nati kubwa ya pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, ukumbuke ilivyokaa. Vuta flenji, kile kisahani propela inapofungwa, ng'oa sili kuukuu, safisha, pitisha kidole kwenye flenji uone kama ina mfereji uliolika. Sili mpya ipake grisi mdomoni, igonge kidogokidogo kuizunguka mpaka ikae sawa. Halafu rudisha nati mahali pake palepale. Ukizidisha unazibana beringi na zitaungua. Ukipunguza, pinioni inacheza na difu inalia njia nzima.

Siku nilipoifanya peke yangu mara ya kwanza, gari liliondoka na daktari na wauguzi kwenda kliniki ya vijijini. Sikuweza kula. Kila nilipofumba macho niliiona ile nati. Fundi Swalehe akanikuta nimekaa kwenye tairi, chakula hakijaguswa.

"Unaumwa?"

"Hapana, fundi. Naiogopa ile nati."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari njema. "Vizuri," akasema, akaenda zake.

Gari lilirudi jioni, zima. Nilidhani hofu itapungua kadiri ninavyozoea. Haikupungua. Kila gari nililolifungua liliondoka na watu ndani yake, na mimi nilibaki nikisikiliza simu ya ofisi.

Miaka ikaenda. Fundi Swalehe akastaafu, akarudi kwao kulima ufuta na kufuga mbuzi, na maswali yote ya karakana yakawa yananiangukia mimi. Nilimpigia mara kwa mara mwanzoni, halafu mara mojamoja, kwa sababu hakuwa mtu wa simu. Alijibu kana kwamba maneno yanamharibia betri.

Sasa nifike kwenye hili lililonifanya nishike kalamu. Ilikuwa karibu na mwisho wa utumishi wangu, mvua zikiwa zimeanza. Gari letu bora la wagonjwa, lile hadtop jeupe, lilianza kuvuja sili ya nyuma. Nikabadilisha. Likavuja tena. Nikakagua flenji: laini, haina mfereji. Beringi hazichezi. Oili haikuzidi. Difu ina mpira mwembamba unaopanda juu kwenye chasisi ili ipumue ikipata joto. Nikafungua kifuniko chake, nikakisafisha kwa petroli, nikakirudisha. Nikatafuta sili kwenye duka jingine, nikidhani ya kwanza ilikuwa feki, nikaifunga kwa uangalifu wa mtu anayemvisha mtoto mchanga. Gari likaenda safari moja, likarudi, nikaingia chini na kurunzi. Sakafu yote ya chini ilikuwa inang'aa oili. Nilikaa pale nikiitazama kama mwanafunzi aliyekokotoa hesabu mara mbili na kukosa mara mbili.

Nilikuwa bado chini wakati mkuu wa usafiri alipokuja. Niliviona viatu vyake tu.

"Yustina, gari linaweza kutembea?"

"Linavuja."

"Sijauliza kama linavuja."

Nikatoka. Gari la pili lilikuwa limekwenda Mtera na kliniki ya akina mama. Nikamuuliza mgonjwa yuko wapi.

"Huko ndani, ukishapita Chemba mjini unaacha lami. Ni ngiri, imebana, tumbo limevimba, anatapika tangu jana. Wa zahanati wanasema leo hii apasuliwe, bila hivyo tutampoteza." Akatazama kikaratasi chake. "Mzee Swalehe. Wanasema aliwahi kuwa fundi hapahapa."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilipakia dumu la oili, sili ya akiba, spana, tochi na mpira wa kujazia, nikapanda nyuma bila kuagizwa na mtu. Mkuu wa usafiri akanifungia mlango.

Dereva alikuwa Eliya, mtu wa Mpwapwa, mzungumzaji sana. Akiogopa huimba nyimbo za kanisani, na siku ile alianza kuimba kabla hatujatoka getini. Nesi alikuwa Pendo, binti mdogo mwenye mikono mitulivu.

"Dada Yustina," Eliya akaita kutoka mbele, "niambie ukweli. Litafika?"

"Litafika."

"Umejibu haraka mno."

Akarudia ubeti.

Kwenye lami nilimsimamisha nipime oili. Ilikuwa imeshuka, nikaongeza, tukaendelea. Tulipoiacha lami njia ikawa mbaya, tope jekundu na mashimo, na kulikuwa na korongo lenye maji yaliyofika nusu ya matairi. Eliya aliacha kuimba. Tulivuka. Upande wa pili nikaingia tena chini, nikalala kwenye matope, na tone lililoniangukia shavuni lilikuwa la moto. Nilijua linanuka nini kabla sijalifuta.

Fundi Swalehe alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha zahanati, amejikunja. Uso ulikuwa wa kijivu. Mkewe, Mama Zuhura, alikaa karibu naye akimpepea kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba." Meno yalikuwa yamekazana. Akanitazama ovaroli, matope, shavu. "Mmekuja na gari gani?"

"La hospitali, fundi."

"Linavuja."

Pendo alikuwa anamwekea dripu, nikajifanya namshikia chupa. Tulimpakia kwenye machela, kichwa upande wa mbele. Mama Zuhura akakaa na Eliya. Mimi na Pendo tukakaa nyuma kwenye kibenchi, magoti yetu yakigusa machela, na nilipofunga mlango nilikuwa na hofu mbili tumboni, moja ya mtu na moja ya gari, na sikuweza kuzitenganisha.

Tulipolivuka tena korongo, difu ikaanza kulia.

Ni sauti nyembamba mwanzoni. Mtu mwingine angedhani ni upepo. Inapanda gari likikimbia, inashuka likipunguza mwendo. Pendo hakuisikia. Mimi niliisikia kwenye nyayo, na nilipomtazama Fundi Swalehe, alikuwa amefumbua macho.

"Difu ya nyuma," akasema.

"Ni matairi tu, fundi. Njia mbaya."

"Usinidanganye, Yustina. Naumwa tumbo, siumwi masikio."

Nikamweleza. Nilimweleza kama siku za zamani, kwa kifupi na kwa mpangilio: sili mbili, flenji laini, beringi hazichezi, kifuniko cha kupumulia nimekisafisha. Alisikiliza macho yameelekea pembeni. Kila gari liliporuka alishika chuma cha machela na jasho likamtoka, kisha akaniruhusu niendelee kwa kunyanyua kidole.

"Ilianza lini?"

"Mwezi uliopita."

Akageuzia uso ubavuni mwa gari. Nilidhani maumivu yamemzidi. Kumbe alikuwa anatazama kitu karibu na uso wake: fremu ya chuma inayoshikilia mtungi wa oksijeni, mpya, imepakwa rangi ya fedha, imefungwa kwenye sakafu kwa bolti nne nene.

"Hii imefungwa lini?"

Ilifungwa na mafundi wa kuchomelea wa nje, waliletwa siku ambayo mimi nilikuwa kwenye kikao. Mwezi uliopita.

"Bolti zimetoboa sakafu," akasema polepole. "Chini ya hapa kuna nini?"

Chini ya pale, juu ya chasisi, unapita ule mpira wa difu. Nilikuwa nimesafisha kifuniko mwishoni mwake. Katikati yake sikuwa na sababu ya kupatazama.

"Eliya!" nikapiga ukuta wa gari. "Simama!"

Niliingia chini kabla gari halijatulia. Bamba la chini la ile fremu, lililokazwa na zile bolti, lilikuwa limeukandamiza mpira kwenye chasisi mpaka umekuwa bapa kama utambi. Difu ilikuwa inapata joto, hewa inatanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili nje kupitia sili. Ningefunga sili kumi, kumi zingevuja.

Bolti zilihitaji mtu wa juu na mtu wa chini. Pendo akautoa mtungi, akauegemeza begani kwake kama mtoto anayecheua, na kwa mkono mwingine akashika spana niliyompa. Kwa kweli hakujua kushika spana.

"Ishike tu isizunguke," nikamwambia kupitia sakafu.

"Inateleza, mama!"

Nikasikia sauti ya Fundi Swalehe, dhaifu. "Igeuze upande wa pili, binti. Ndiyo. Sasa egemea."

Bolti ya kwanza ikalegea, ya pili ikagoma, nikaipiga nyundo na kuomba Mungu kwa wakati mmoja. Ilipoachia, nikauvuta mpira, nikauminya kwa vidole ufunguke. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, ya moto, yenye harufu ya kiberiti. Ilinipiga usoni na nikacheka peke yangu chini ya gari, kicheko kibaya, kisha nikajaza oili mpaka ikafurika kwenye tundu na kunimwagikia mkononi.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Tulipoondoka, difu iliendelea kulia. Uvujaji ungepungua, lakini beringi ya pinioni ilikuwa imekwishakaa na oili pungufu, na chuma kikishaungua hakiponi kwa kumwagiwa oili. Sikujua kimebakiza nafasi gani. Tulipofika kwenye lami nikamwambia Eliya aende taratibu. Mlio ukashuka, nikapumua.

Halafu Pendo akanishika mkono. Alikuwa amempima presha Fundi Swalehe, akampima tena.

"Inashuka, mama. Kwa mwendo huu sijui."

Nilimtazama. Macho yalikuwa yamefumbwa, midomo mikavu. Nikaita, "Fundi," hakuitika. Kwa miaka yote ile, hata alipokuwa mbali akilima ufuta wake, nilikuwa na mtu wa kuulizwa swali gumu. Pale kwenye kibenchi sikuwa naye. Tukikimbia na difu ikajifunga, tutakwama kwenye mbuga na atafia mikononi mwetu. Tukienda polepole, atafia njiani gari likiwa zima.

"Yustina?" Eliya akaita. "Niende vipi?"

Niliweka kiganja sakafuni. Ilitetemeka, lakini ilitetemeka kwa mfululizo, haikukatikakatika. Nikajiambia kwamba chuma kinachokufa hugonga kwanza. Sikuwa na hakika. Nawaandikia hivyo kwa sababu mtakuja kufika mahali kama pale, na mtu atawatazama akisubiri muwe na hakika.

"Kimbia," nikasema.

Akakimbia. Mlio ukapanda mpaka Mama Zuhura mbele akaanza kusoma dua kwa sauti, na Eliya akaimba wimbo wake juu ya dua ile, na hakuna aliyemkataza mwenzake. Mimi sikutoa kiganja sakafuni. Vijiji vilipita dirishani sikuviona hata kimoja. Nilikuwa nangoja kugonga. Kila tuta la barabarani nilikaza misuli, nikasikiliza, nikalegeza, nikakaza tena. Tulipoanza kuziona nyumba za Dodoma nilikuwa nimejing'ata mdomo hadi damu, na nilijua hivyo baadaye, Pendo aliponipa pamba.

Getini walikuwa wanatungoja na kitanda cha magurudumu. Walimkimbiza ndani. Nilishuka, nikakaa chini palepale nyuma ya gari. Difu ilikuwa ya moto kiasi kwamba matope yalikuwa yamekauka juu yake na kupasuka.

Alipasuliwa jioni ileile. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeoza, wakakikata. Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu asingekuwa na cha kukata wala cha kushona. Mama Zuhura akanishika mikono yote miwili, na oili yake, akalia juu yake. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza kama nimeifunga ile nati ya kujazia.

Kesho yake niliishusha difu yote. Beringi ilikuwa na rangi ya bluu, ya chuma kilichoungua. Nikafunga mpya, sili mpya, nikaupitisha mpira mbali na kila bolti iliyopo na itakayokuja, na ile fremu tukaihamishia upande mwingine mimi nikisimama juu ya mafundi wa kuchomelea mpaka wakanichukia.

Siku ambayo Fundi Swalehe aliruhusiwa kurudi nyumbani, alipelekwa na gari lilelile. Mama Zuhura alilizunguka kabla ya kupanda.

"Mwanangu, ni zima hili?"

"Panda, mama," nikasema. Na mimi nikapanda.

Njia nzima fundi alikuwa kwenye machela. Alilala macho wazi, akisikiliza. Nilimwangalia uso wake kwenye kila kona, kwenye korongo, kwenye kila shimo. Nilikuwa naogopa kunyanyuka kwa kidole, ishara kwamba amesikia mlio.

Tukafika kwao. Wakamtandikia mkeka mlangoni, akaegemezwa mto. Nikaona hawana haja nami tena, nikachukua kitambaa cheupe, nikaingia chini ya gari mbele ya nyumba yake, nikalala chali. Nilifuta pembeni ya sili, nikazungusha kitambaa nyuma ya flenji, nikakitoa kwenye mwanga. Vumbi tu. Nikafuta tena. Vumbi. Nilikaa pale chini muda ambao haukuwa na sababu, kwa kuwa sikujua nikitoka nitaufanyia nini uso wangu.

Nikamsikia akikohoa kwenye mkeka wake, kikohozi cha mtu anayeogopa kuumiza nyuzi za kidonda.

"Yustina," akasema. "Toka huko chini. Ugali unapoa."

Nikatoka, nikanawa mikono.